Mikebe ya Korongo

Jumapili, 4 Februari 1996

Nashon amerudi! Wiki nzima Kisumu, ati lori liliwaharibikia Ahero wakalala hapo hapo. Na mfukoni — mkebe wa Korongo, mshipi wa bluu! Nilipiga kelele mpaka Mildred wa mlango wa pili akagonga ukuta.

Mzee Shivachi wa kijiji cha Raila, aliyekuwa mhudumu wa baa kwa klabu ya wazungu, anasema mkebe wa bia ya Korongo ulikuwa na rangi yake kwa kila upande wa nchi kabla ya uhuru. Bluu ziwani, nyekundu Nakuru hadi Eldoret, kijani pwani. Lakini hana hakika, alisikia tu, na hakuna mtu amewahi kufuatilia. Basi mimi! Kasiva muuza maharagwe wa Lindi hapa Kibera, ndiye nitajua. Kila mkebe ambao Nashon ananiletea, natia doa la cutex, ile rangi ya kucha, kwa ile ramani ya shule, pale alipoupata. Leo alinishikia taa nikapaka Kisumu. Akacheka, Mama Christine, wewe na mikebe yako mtaniua.

Wamama wa kanisa wanasema ni aibu, mke wa mtu kupanga mikebe ya pombe juu ya kabati. Waseme. Waume wao huwaletea nini?

Maji hakuna tangu Alhamisi. Mkebe nitauosha yakirudi.

Jumatano, 7 Februari

Nashon ameondoka alfajiri, Mombasa. Nimemfungia chapati. Aliuliza nataka rangi gani. Kijani, nikasema, ya Voi, ndio nijaze ile njia ya reli. Akasema wacha tuone vile watu wa vyuma chakavu wanaomuuzia watasema.

Utanboi wa lori ni kazi mbaya. Kulala juu ya magunia, kula vumbi. Na bado anatafuta mikebe ya bibi yake. Christine akija kutoka kwa mamangu Machakos nitamwambia, babako ni mtu.

Maji bado.

Ijumaa, 9 Februari

Maji bado! Mtungi umepanda bei, hata maharagwe sijaloweka. Nikakaa nikachukua ule mkebe wa Kisumu nikauangalia hivyo hivyo na uchafu wake.

Siku zote huwa naosha mara moja. Jivu, brashi, kabla hata Nashon hajavua viatu. Leo ndio nimeona. Pale chini kwa mkunjo kuna udongo. Mwekundu!

Kisumu? Mimi nimefika huko, tukizika baba mkwe. Udongo mweusi ulinishika viatu nikatembea peku mpaka kaburini. Na ndani ya mkebe kuna kamzizi. Kembamba, hakajakauka. Chini mashimo mawili ya msumari.

Nikashusha yote kabatini. Ya Nakuru, mashimo mawili. Ya Mombasa, mawili. Msumari ule ule! Mashimo nilikuwa nayaona, nikadhani ni watu wa vyuma wanatoboa wafunge na waya. Lakini ule niliojinunulia mwenyewe soko la Toi hauna hata shimo moja.

Sijui. Labda ni mambo ya bure.

Jumamosi, 10 Februari

Nimemwonyesha Mildred. Hakufikiria hata kidogo. Huo ni mkebe wa miche, amesema, unatobolewa maji yatoke. Na udongo kama huo uko Kawangware, upande wa Riruta, shangazi yake hupanda sukuma huko. Kisha akaniangalia. Sikupenda vile aliniangalia.

Nikamwambia basi Nashon ananunua hapo karibu ananidanganya ni ya mbali, ili nifurahi. Wanaume ni wavivu! Tukacheka. Mimi nilicheka sana kuliko yeye.

Uvivu nitamsamehe. Lakini ramani yangu je? Miaka miwili napaka uongo ukutani?

Jumanne, 13 Februari

Nimetoka Kawangware. Sijui niandike aje.

Niliwapata wauza miche wamejipanga kando ya barabara. Wengi wanatumia makaratasi ya maziwa. Mmoja tu — Korongo! Bluu, nyekundu, kijani, zote zimepangwa chini, sukuma na nyanya zimechipuka ndani. Niliinama nikasahau hata kusalimia. Nikauliza, mama, mikebe hii umetoa wapi?

Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na tano hivi, mjamzito, tumbo limefika mbele. Akanitazama, akapiga makofi. Ati nani mwingine duniani anaweza kuuliza mikebe! Wewe ni Kasiva! Wewe ni dada ya Nashon! Wifi!

Akanikumbatia. Mimi nimesimama tu kama mti.

Anaitwa Wakarima. Aliniketisha kwa kiti chake, akaitisha chai na mandazi. Akanipa pole. Ati Nashon alimwambia nina ugonjwa wa kifua, sina bwana, ndio maana kila wakati lazima aje kulala kwangu Kibera anitunze. Ati anamwambia dada yangu hana raha ingine, ni mikebe tu, ebu nipee moja nimpelekee. Na yeye anang'oa mche, anampa mkebe. Hajawahi kukataa, amesema, juu mgonjwa hakataliwi.

Nikauliza, na lori? Akashangaa. Lori gani? Nashon anasaga unga kwa posho mill hapo Riruta, mwaka wa pili sasa. Ngoja saa kumi na moja umsalimie.

Niliweka kikombe chini. Nikauliza mikebe, ningeuliza nini? Akasema walipochimba choo walipata shimo limejaa mikebe, rangi zote pamoja. Wazee wa hapo wanasema ni askari wa wazungu walipiga kambi wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau.

Ningemwambia. Mdomo ulifunguka. Lakini alikuwa anashika tumbo na mkono mmoja, na mwingine ananichagulia mandazi kubwa. Nikasema, wifi, njoo Jumapili kwangu tule. Usimwambie Nashon, tumshtue. Akafurahi! Ati huwa anaomba kuletwa kwangu, Nashon anakataa, anasema kifua kitamwambukiza. Ati mkebe wa wiki hii atauosha yeye mwenyewe.

Jumatano, 14 Februari

Dada! Dada! Nimemzalia mtoto huyu mtu. Nimezika babake. Nimeuza maharagwe akila. DADA.

Nimekwangua madoa ya ramani na wembe. Kisumu, Nakuru, Mombasa, yote. Nikaweka madoa matatu hapo Nairobi, bluu, nyekundu, kijani, yamebanana. Hiyo ndiyo kweli peke yake iliyobaki hapa ndani.

Nikaenda kwa Mzee Shivachi nikamwambia zote zilitoka shimo moja. Nilidhani atanipa pole. Akakuna kichwa, akasema kumbe basi rangi haikuwa ya upande, askari walikunywa zote! Akafurahi, mzee yule. Anataka twende pamoja tuone shimo. Nilitaka kumpiga.

Ijumaa, 16 Februari

Maji yamerudi. Nimefua nguo zake zote. Kwa nini nimezifua? Mjinga mimi.

Jumamosi, 17 Februari

Amekuja jioni, amechoka na safari! Akanisimulia ndovu walivuka barabara mbele ya lori hapo Voi, dereva akazima taa wakangoja wapite. Anasimulia vizuri. Nilikuwa karibu kuwaona hao ndovu, aki.

Mkebe ni wa kijani. Unanukia sabuni ya Omo. Ndani hakuna hata chembe ya udongo.

Akauliza mbona sipigi kelele leo. Nimesema kifua kinaniuma. Aliinama akafungua kamba za viatu. Kisha akasema pole.

Hakuona ramani. Hajawahi kuiangalia bila mimi kumwonyesha.

Jumapili, 18 Februari

Sikuenda kanisa. Nimepika kuku, na sukuma. Nashon yuko kitandani na vesti, anasikiza redio. Ameuliza mbona sahani ni tatu. Mgeni, nimesema. Mgeni gani? Mtu wa familia.

Ati mbona sikumwambia avae shati. Nimesema hata wewe hujaniambia mengi. Amecheka. Anadhani ni mchezo. Sasa naandika hapa kwa mlango, nimempa mgongo, anadhani ni hesabu ya maharagwe.

Nimemwonea huruma Wakarima tangu usiku. Atapanda hiyo njia ya mawe na tumbo lake, na zawadi mkononi, namjua tayari. Hajanikosea kitu. Ningekuwa mtu mzuri ningetoka nimkute barabarani, nimwambie polepole tukiwa wawili. Bado niko na wakati. Nimekaa tu.

Kuna mtu anauliza njia hapo nje. Ni yeye. Anamuuliza Mildred, nyumba ya Kasiva ni gani, yule dada ya Nashon?

Dada? Mildred anasema. Dada gani?

Nashon amezima redio.