Asali Katika Dawa ya Bibi

Mdogo wangu Mbonea,

Kuna jambo sijawahi kumsimulia mtu; wanaolijua ni wale waliokuwepo tu. Sisi huku Chome hatujambo, tangawizi imestawi, na bibi anakusalimu.

Uliniuliza kama dawa yake ya magome inatibu malaria. Mwaka jana mtafiti mmoja alikuja kuomba chupa moja akaipime maabara. Bibi alifurahi sana, maana majirani humtania kwamba anachemsha kuni. Akanipa mwiko nikoroge. Nikafanya kama nilivyozoea tangu utotoni: alipogeuka, nikatia asali ili isiwe chungu.

Chupa ilipofungwa ndipo nilipozinduka. Wangepima asali yangu, si dawa ya bibi! Unajua ninavyoona haya kusema mbele ya wageni. Basi niliandika kwenye lebo: "Ina asali, vijiko vitatu."

Mtafiti akaisoma kwa sauti.

"Asali gani?" bibi akashangaa. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ndiyo maana watu wangu hawakunji uso! Nami nikadhani ni ushujaa!"

Majibu ya maabara bado hayajatoka, kwa hiyo hata mimi sijui kama inatibu. Bibi mwenyewe humtuma mwenye homa zahanati kwanza, akapimwe.

Siku ile nilimwaga dawa yote, nikasugua sufuria mara tatu, nikachemsha magome mapya na kuonja. Ilikuwa chungu kweli. Nikaandika lebo nyingine, "Haina asali," nikampa mtafiti chupa mkononi.

Dada yako,
Nakiete