Ubani Mikononi Mwangu

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima, na hiyo mikono yako ya kukanda watu haijachoka. Mimi Kijiti wako sijambo, ingawa mgongo wangu na cherehani haviivi chungu kimoja. Mama yupo, ila habari zake zinataka ukae chini.

Macho yake hayaoni tena, na kumbukumbu nayo inamtoka. Mwezi uliopita aligoma kula. Nikimsogezea kijiko ananisukuma, anasema hataki kulishwa na mgeni. Mgeni, Dada! Mimi ninayelala chumba kimoja naye miaka yote hii. Sikufichi, nilikwenda jikoni nikalia.

Ndipo nikakumbuka kichupa cha mafuta ya ubani ulichokiacha kabatini, yale uliyokuwa ukimpaka kwenye paji la uso kabla ya sala ili moyo wake utulie. Nikajipaka mikononi. Usinicheke: sikuyachanganya na mafuta ya nazi kama ulivyokuwa ukifanya, nikawashwa na kujikuna siku nzima. Lakini mama alipovuta ile harufu, uso ulimlainika. Alishika viganja vyangu akavinusa, akaniita kwa jina lako, akauliza nimerudi lini.

Nisamehe, Dada. Nilimjibu kwamba nimerudi leo. Akala akamaliza sahani.

Tangu hapo najipaka kila asubuhi, na sasa nachanganya. Nikinawa tu, nakuwa mgeni tena na kijiko kinasukumwa.

Juzi, baada ya sala, aliniwekea mkono kichwani. Alisema kinyongo cha wewe kuondoka bila kuaga kimemtoka, na radhi zake unazo. Hayakuwa maneno yangu, ni yako. Nakukabidhi kama nilivyoyapokea. Najua kinyongo hicho kimekunyima usingizi muda mrefu.

Kisha akaninong'oneza, akauliza Kijiti yuko wapi. Mbona siku hizi haji kumwona, yeye mama amemkosea nini? Nilimwambia katoka kidogo, atarudi. Anauliza kila siku. Jana alinituma nikamtafute, nikaenda nikasimama nyuma ya mlango kama mjinga, machozi yananitoka.

Njoo, Dada. Njoo unukie ubani wako mwenyewe, umlishe, halafu umwambie kwamba Kijiti amepatikana.

Wasalimie wenzako kazini. Mama hakutumii salamu. Kwake yeye umeshafika.

Mdogo wako akupendaye,
Kijiti