Mafuta ya Karanga kwenye Chujio

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Chujio la hewa la nne leo. Pikipiki zote za wilaya zinarudi zimejaa vumbi. Nimeosha sifongo kwa mafuta ya taa. Si petroli, petroli huila. Kisha sabuni. Unaikamua, huisokoti. Unaanika kivulini. Tangu mke wangu afariki mwaka juzi, napenda kazi isiyoniuliza kitu. Moyo umekufa ganzi, mikono inaendelea.

Jumanne, 5 Agosti
Masanja, mganga wa hospitali, karudi na pikipiki yake kutoka vijiji vya upande wa Usinge. Kaniletea chupa ya mafuta ya karanga kutoka kwa binti yangu, Mwanaidi. Kayakamua mwenyewe, karanga za kwanza za shamba walilopewa yeye na mumewe huko kijiji kipya walikohamishiwa. Ana mimba ya miezi minane na mtoto amekaa vibaya. Masanja kaahidi: Jumamosi atampakia kwenye pikipiki hadi stesheni ya Usinge, apande treni, aje ajifungulie hospitali hapa mjini. Nilipaswa kuogopa. Sikuogopa.

Jumatano, 6 Agosti
Oili nzito ya kuloweka sifongo, ile inayonasa vumbi, imekwisha. Stoo wanasema subiri. Nasubiri tangu Juni. Imebaki oili chafu tu, nyeusi, ya kumwaga. Masanja anaondoka kesho alfajiri.
Sipendi uchafu. Wenzangu hunicheka, eti fundi maulidi, msafi kama naenda sherehe. Pikipiki ya kumchukua mwanangu kuipaka masizi, nimeshindwa. Nimeloweka sifongo kwa mafuta yake ya karanga. Nusu chupa. Yamekolea vizuri, nikajisifu.
Masanja kanusa, akacheka: "Shikamoo fundi. Hii pikipiki au kikaango?"

Ijumaa, 8 Agosti
Swala. Kazi. Hakuna habari.

Jumapili, 10 Agosti
Treni ya jana imeingia leo asubuhi. Nilikuwa stesheni tangu jana jioni. Wameshuka watu, magunia, kuku. Mwanaidi hakushuka. Nilibaki mpaka wafagiaji wakaniomba nisogee.

Jumanne, 12 Agosti
Masanja kaja kwa treni, pikipiki kwenye behewa la mizigo.
Injini ilimfia porini Ijumaa, katikati ya Usinge na kijiji. Akatembea. Kafika kijijini Jumamosi jioni, miguu imevimba, treni imeshapita. Uchungu ukamshika Mwanaidi usiku huohuo. Mtoto katoka mfu. Wa kiume. Mama yake mzima, ila damu imempungua sana.
Masanja kalia mbele yangu. Anasema ni kazi ya Mungu, na pikipiki yenyewe kuukuu. Nikamwambia pole.
Alipoondoka nikafungua chujio. Sifongo imetafunwa, nusu haipo. Mavi ya panya ndani. Masanja alisema Alhamisi pikipiki ililala kwenye ghala la mahindi huko Usinge. Vumbi limepita mpaka kwenye pistoni.
Panya hagusi oili chafu. Hilo nalijua miaka yote. Sikulifikiria.
Mimi ndiye niliyemuua mjukuu wangu. Nimeliandika, nimelitazama. Sikulia. Nimenawa kwa sabuni mara tatu, mikono bado inanukia karanga.

Jumatano, 13 Agosti
Stoo wameleta oili nzito. Debe zima.

Jumapili, 24 Agosti
Mwanaidi yupo nyumbani kwangu, mtaa wa Cheyo, chumba cha marehemu mama yake. Mumewe kamleta jana. Amekonda. Habari ya chujio sijamwambia.
Adhuhuri kainuka mwenyewe, kaingia jikoni kupika kisamvu. Nilimwambia apumzike, hakusikia. Kaiona chupa yake rafuni, imefika nusu. Kwa mara ya kwanza tangu afike, katabasamu.
"Kumbe umeyatumia, baba."
Nikasema nimeyatumia.
Akauliza kama yalikuwa mazuri. Nikamwambia mazuri sana, mwanangu.
Akamimina yaliyobaki yote kwenye kisamvu changu. Akakaa mkekani kunitazama nikila. Nimekula, nimemaliza.