Pole Hunipa Jirani

Mama,

Khitma yako tuliisomea hapa hapa Wingwi. Watu tuliwalisha muhogo na samaki, maana vita vya Wazungu havijesha na mchele haupatikani. Najua ungeona haya, lakini hakuna aliyelalamika. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, na mmoja nimempa Bi Asha wa jirani kama ulivyotaka. Baba bado analala chumba cha uani.

Nakuandikia kwa ajili ya neno moja, lile lako la Kizungu. Sori.

Hukujua jengine. Hilo ulilipata siku aliyokufa Saidi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Ndugu yangu alishikwa na homa kali, ukamwambia Baba twende mjini kwa daktari. Baba akazitazama karafuu alizozianika uwanjani, akalitazama na wingu. Akasema, "Tukiondoka leo mvua itazilowesha. Twende kesho."

Kesho yake alimbeba mgongoni mpaka njia ya gari, na njia nzima Saidi hakulia. Huko mjini daktari alifanya aliyoweza. Kisha akatoka, akavua kofia, akasema maneno machache, na wewe ukadaka hilo moja. Karani aliyekuwa akimfasiria akakwambia, "Bwana daktari anaomba radhi."

Ukajibu huku machozi yakikutoka, "Mwambie nshamsamehe, duniani na akhera."

Tulipofika nyumbani ukamgeukia Baba. "Mgeni kaniomba radhi, na wala si yeye aliyechelewa. Weye baba yake?"

Baba akasema, "Pole, mke wangu."

Ukamwambia, "Pole hunipa jirani."

Tangu hapo ulimpikia, ulimfulia, hata alipoanguka mkarafuuni akavunjika mguu ulimuuguza mpaka akatembea. Lakini hukumwita tena Baba Saidi. Hukumwita kwa jina lolote. Na sisi wanao tukikanyagana, ulitufunza kusema sori, kama yule daktari mwenye adabu zake. Nilipotaka kwenda Unguja kujifunza ukunga na wajomba wakakataa, ni wewe uliyewaambia waniache, kwa kuwa nakwenda kwa watu wanaojua kuomba radhi. Kazi yangu nimeipata kwa neno hilo, Mama.

Sasa sikiliza. Niliporudi kazini baada ya matanga, Sista wetu, Mwingereza anayesimamia wauguzi, alinishika mikono yote miwili, macho yamemlowa, akaniambia sori. Nilistaajabu. Miye nilizoea kulisikia mtu akimwaga dawa au akimpiga mwenzake kumbo. Nikamwendea Bi Zuwena, mkunga wetu mkubwa anayekijua Kizungu barabara, nikamuuliza, "Sista kanikosea nini?"

"Hajakukosea kitu," akasema. "Kakupa pole ya mama yako. Neno hilo kwao lina kazi nyingi, mwanangu. Akikukanyaga, sori. Asiposikia ulichosema, sori. Akikunyima ruhusa, sori. Ukifiwa, sori. Sie tuna samahani, tuna radhi, tuna pole, kila moja na mahali pake. Wao wanayo mengine, marefu, ya kuandikia barua za serikali, lakini la kila siku ndilo hilo."

Hapo nikaikumbuka siku ya Saidi.

Yule daktari hakukuomba radhi, Mama. Alikupa pole. Alikwambia lile lile alilokwambia Baba.

Nimelala na jambo hili na kuamka nalo. Lau ningelijua ungali hai, pengine ungemlegezea Baba kidogo. Au pengine ungeona kwamba hapana hata mmoja aliyekuomba radhi ya mwanao, na hilo lingekuua mapema. Sijui. Ilikuwa haki yako kujua, ukaamua mwenyewe, na umeondoka hujaamua. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilipopata ruhusa nikavuka kuja Pemba kumweleza Baba. Nilidhani atapumua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akasema, "Basi daktari hakuwa na la kuombea radhi. Mwenye nalo nilikuwa miye."

Akautazama uwanja wa kuanikia. Halafu akasema, "Na mvua yenyewe haikunya siku ile."

Miaka yote hiyo sikulijua hilo. Nadhani wewe ulilijua.

"Kila nikitaka kumwambia," akasema, "ulimi ukitoa pole. Yeye akitaka jengine, nami nikilijua analolitaka."

Alasiri alitia udhu, akaenda makaburini. Nilimfuata mpaka mwisho wa shamba, pale wanawake tunaposimama. Nilimwona akichutama upande wa kichwa chako. Alikaa sana. Mguu ule uliovunjika ulimtaabisha kuinuka, nami sikuweza kwenda kumshika. Aliponifikia alisema tu, "Nimemwambia. Sikumwambia pole."

Kama huko uliko mtu husamehe, Mama, mtazame mzee wako. Amekonda.

Nami nakuahidi hili. Mtoto akinifia mikononi, mama yake sitamwacha akisie. Ikiwa ni pole, nitampa pole. Ikiwa nilichelewa, nitamwomba radhi siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, ananitazama.

Mungu akuwekee nafasi njema, wewe na Saidi. Nakuaga, Mama yangu.

Mwanao,
Mwanaisha