Tata, Walisema Taa Zako Zinatuibia Kuran

Tata wangu, baba yangu,

Wamekuita mwizi. Tena si kichochoroni, ni hapa uani kwetu Kapata, viti vya kilio vikiwa bado havijarudishwa parokia. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi zamani. Mi damu ilinipanda kichwani.

Ni Tata Kasongo, jirani yetu. Tangu utuache, friza yake ya samaki inasumbua, kuran, umeme wenyewe, inafifia kila jioni. Akaleta pensi yake, kile chombo kinachokumbatia waya na kusoma ampere, akakifunga kwenye waya wa taa zako. Unazijua mwenyewe, zile ulizounda kwa kondensateri, vile vidude vya kutunza umeme kidogo, na vipande vya taa zilizokufa, ubao mzima wa kuuzia, unawaka mchana kutwa. Akazidisha ampere kwa volti, akapiga kelele hadi barabarani: "Munaona? Hizi taa zinakula sawa na pasi! Ule tata alikuwa anatudanganya!" Na kweli, Tata, kontere, mita ya umeme, ni moja kwa safu yetu nzima, na wewe ulikuwa unachangia bili kidogo kwa sababu ulisema taa zako hazili kitu. Wakaamua kukata waya wetu Jumapili, misa ikiisha.

Nikawaambia wangoje, nitapima mbele yao. Wakacheka. Binti wa kuuza balbu! Lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukinigonga kidole kwa bisibisi ukisema, "Kapinga, kuran kupita haiko kuran kutumika." Kondensateri inavuta kuran, kisha inairudisha. Pensi inaona inayokwenda na inayorudi, haijui kutofautisha. Hayo nilikuwa nayajua kwa mdomo tu. Kama ulikuwa unajitetea tu, basi nami ningekuaibisha mara ya pili, mbele ya Mama.

Halafu umeme ukapotea siku mbili. Mi nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikilaumu bwawa la Nzilo linalotuletea umeme, nikikulaumu na wewe kwa kufa ovyo namna hiyo.

Umeme ulirudi Jumapili, watu wakitoka misa. Nikawaomba wote wazime kila kitu, friza pia. Nikawasha taa zako peke yake. Tata Kasongo akafunga pensi, akasoma namba yake kwa sauti. Nikawapeleka kwenye kontere yetu ya zamani, ile yenye kisahani kinachozunguka. Kilikuwa kinajivuta polepole, mtu angeweza kusema kimelala. Nikazima taa, nikachomeka pasi ya Mama. Pensi ikasema karibu namba ileile. Kisahani kikaanza kukimbia, weee!

"Munaona eh?" Mama alipiga kelele. "Kwa taa kasahani kalikuwa kanatambaa! Sasa muangalie!" Akapiga vigelegele, mjane wa juzi, kikwembe kinamdondoka kiunoni. Tata Kasongo akavua kofia na kusema, "Mama, munisamehe." Nililia, Tata. Nililia kwa furaha kabisa.

Ndipo harufu ikanifikia. Plastiki inaungua.

Nikang'oa pasi, nikashusha swichi kubwa, nikapanda ngazi mpaka chini ya bati. Kwenye waya wa wote, ule unaolisha kwetu na kwa Tata Kasongo, nikakuta kiungo cha waya ulichokiunga wewe. Umekisokota kwa mkono, ukakifunga karatasi ya nailoni. Kilikuwa cheusi, na mbao ya paa pembeni yake imeshakuwa kahawia. Kolwezi nzima tunatembea juu ya shaba, na wewe ukaunga nyumba mbili kwa waya mwembamba kama uzi! Kontere haihesabu kuran inayorudi, lakini waya unaibeba yote. Taa zako zilikuwa zinakichoma kile kiungo mchana kutwa, na friza ya watu ikabaki na njaa.

Huko juu nilikuwa peke yangu. Chini walikuwa wanakuimbia sifa. Ningeweza kukata, kuunga upya na kushuka kimya, nawe ungebaki msafi. Tata, nilitaka sana kufanya hivyo. Nilikaa pale nimeshika ile mbao, bado ina joto, nikisikia watoto wa Tata Kasongo wakirukaruka upande wa pili wa ukuta.

Nikashuka nikasema yote. Mama aliingia ndani na hajasema nami tangu saa hizo.

Nimezima taa zako. Kesho nitanunua waya mnene na vibano, niunge upya, Tata Kasongo ameshakubali kunishikia ngazi. Nitaziwasha tena zikiwa salama, na nitaziuza kwa jina lako, nakuapia. Pumzika sasa, Tata wangu. Hukuiba hata kidogo. Ila ulibakiza kidogo tu utuchome.

Mwanao,
Kapinga