Kifo cha Mtoto Ashley Kwenye Siku ya Wadudu, Mosocho

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Mosocho
Jina: Celestine Mong'ina Ochoki
Umri: Miaka 43
Kazi: Mkulima na mfugaji wa nyenje
Makao: Birongo
Tarehe: Alhamisi, 7 Agosti 2025, saa nne na robo asubuhi
Mbele ya: Koplo Cynthia Nyakundi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na polisi, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa sababu Thadeus Omwenga yuko ndani tangu Jumapili kwa kifo cha mtoto Ashley, na mambo hayakuwa vile watu wanavyosema.

Nina chai kidogo na migomba huko Birongo. Tangu mwaka wa 2022 nafuga nyenje kwenye mabeseni nyuma ya jiko langu. Wakikomaa nawakausha, nawasaga, na unga wao nauchanganya na wa ngano napika mandazi. Afisa wa afya alikagua akanipa cheti, na siku hiyo alikula mandazi tatu akaomba nyingine za kwenda nazo nyumbani. Watoto wangu wamekula miaka hiyo yote.

Ashley alikuwa mtoto wa jirani yangu, Loice Nyamusi. Kati ya boma lake na langu kuna ua tu. Tunaimba kwaya moja kanisani, na nilipofiwa na mume wangu Loice alilala kwangu majuma mawili. Ashley alikuwa na miaka saba, gredi ya pili. Kila jioni akitoka shule alipitia kwangu kuwalisha nyenje majani ya sukuma wiki. Aliniita Mama Nyenje. Sasa hata sokoni wananiita hivyo.

Loice hakutaka mtoto awale. Sisi ni Waadventista, tunaangalia chakula kilicho safi na kisicho safi, na yeye alisema mdudu ni mdudu tu. Kuwalisha alimruhusu, kuwala hapana.

Mnamo Ijumaa tarehe 18 Julai 2025, yapata saa kumi na moja jioni, nilikuwa jikoni nachekecha unga ili nimalize kabla ya Sabato kuingia. Ashley alikuwa nami. Alichovya kidole kwenye unga akakilamba. Baada ya muda mfupi akaniambia, "Mama Nyenje, mdomo unaniwasha." Nilimtazama nikaona mdomo wa chini umevimba kidogo. Nilimsukutua kwa maji, nikampa maziwa, nikamketisha mlangoni. Uvimbe uliisha kabla giza halijaingia. Nikamwambia, "Usimwambie mama. Atakukataza kuja." Akasema sawa. Hakumwambia. Alikuwa mtoto wa kushika neno.

Mwezi huo kikundi cha wakulima na walimu kilikuwa kinapanga Siku ya Wadudu hapa Mosocho, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi, ili wazazi waje na watoto waone kwamba wadudu si wa kukanyagwa tu. Waliniomba niwaonjeshe watu mandazi bure. Ashley alitaka sana kula pamoja na wenzake siku hiyo. Kwa hiyo Jumatano tarehe 30 Julai nilienda kwa Loice na Maandiko, nikamsomea mahali panaporuhusu nzige na jamaa zake. Alisoma mwenyewe mara mbili. Kisha akacheka. "Haya, Mong'ina, umenishinda. Lakini moja tu."

Siku ya sherehe, yaani Jumapili tarehe 3 Agosti, tuliondoka Birongo sote watatu saa moja asubuhi, tukafika saa mbili na nusu. Ilikuwa siku nzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na chandarua kikubwa chenye vipepeo ndani, na watoto waliingia kumi kumi. Kulikuwa na mzinga wenye kioo, nyuki wakionekana wanavyofanya kazi. Walimu walichora mistari chini kwa chokaa, watoto wakashindanisha jongoo, na Ashley alimpa wake jina la mwalimu wao. Aliibuka wa pili. Alikuja kunionyesha yule jongoo akitembea kwenye mkono wake, na hakuogopa hata kidogo. Wazazi waliogopa kuliko watoto.

Kwa sababu ya nyuki, kulikuwa na hema la huduma ya kwanza. Muuguzi alikuwa mmoja, na msaidizi wake alikuwa Thadeus Omwenga, fundi wa pikipiki wa Kiogoro ambaye amesomea huduma ya kwanza. Nilikuwa naye karibu, kama hatua thelathini. Saa sita kasorobo mzee mmoja alianguka kwa jua, na muuguzi akaondoka naye kwa gari pekee lililokuwepo. Kabla muuguzi hajapanda nilimsikia akimwambia Thadeus, "Sindano iko kwenye sanduku. Mtu akiumwa na nyuki, avimbe, kifua kifunge, mdunge pajani mara moja. Usiningoje." Thadeus akamwonyesha kwamba ameelewa, akarudia maneno yenyewe. Nilisikia yote mawili.

Saa saba na dakika kumi Ashley alikuja mezani kwangu na watoto wengine. Loice alikuwa kwenye foleni ya asali. Niliichukua mandazi nikaiweka mkononi mwa Ashley mimi mwenyewe. Aliila yote. Alisema, "Ni tamu," akaenda kwa vipepeo.

Hazikupita dakika tano akarudi. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika shingo, akijikuna, na midomo na macho yake yalikuwa yamevimba. Alitaka kuniambia kitu, sauti ikatoka nyembamba kama filimbi. Akaketi chini mbele ya meza.

Nilipiga kelele. Nilisema, "Thadeus! Mandazi imemkwama mtoto!"

Thadeus alikuja mbio, mikono mitupu. Alimwinamisha akampiga mgongoni kwa kiganja, kisha akamkumbatia kwa nyuma akambana tumbo, jinsi mtu aliyekwamwa hufanyiwa. Alirudia na kurudia. Aliniuliza, "Una uhakika imekwama? Mbona hakuna kitu?" Nikamwambia, "Imekwama, endelea." Alinisikia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Hayo yalichukua kama dakika kumi. Loice alifika akiwa na kijiko cha asali mkononi, akasema, "Ashley, baba, nitazame," maana kwa Ekegusii "baba" ni mama, na kwetu mzazi humwita mtoto vile mtoto anavyomwita yeye. Ashley hakumtazama. Kijana wa pikipiki aliwabeba wote wawili hadi hospitali mjini. Nilifika nyuma yao saa nane na dakika tano. Daktari alikuwa tayari amemfunika.

Huku nyuma watu waliokuwa wamepiga video kwa simu walisema Thadeus amemuua mtoto kwa makofi. Walimvua shati. Walimu walimfungia darasani mpaka polisi wakaja kumchukua.

Jana, Jumatano tarehe 6 Agosti, daktari aliyempasua alitueleza mimi na Loice kwamba kooni hapakuwa na kitu chochote kilichokwama. Alisema ni mzio, ile aleji, mwili ulikataa kitu alichokula na njia ya hewa ikafura ikafunga. Akasema sindano ya nyuki ni hiyo hiyo ya hali hiyo, na kama angedungwa mapema pengine angepona. Akauliza kama kuna dalili yoyote iliyowahi kuonekana kabla. Loice akasema hakuna. Akanigeukia. Mimi nikasema hakuna.

Tukiwa nje Loice alinishika mkono akaniambia, "Usijilaumu. Hukujua. Na ruhusa nilitoa mimi."

Sasa nasema lililonileta. Nilijua. Ashley alipoketi chini pale mbele ya meza na nikaona midomo yake, nilikumbuka ile Ijumaa ya jikoni. Nilikumbuka kabla ya kupiga kelele, si baada. Nilijua ni unga. Na Thadeus angeambiwa tu kwamba mtoto amevimba, angekuja na sanduku, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa saa moja na nusu kabla. Lakini watoto wa watu, kama ishirini, walikuwa wamezunguka meza yangu na mandazi mikononi, na mama zao wananitazama. Mdomo wangu ukasema imekwama. Aliponiuliza mara ya pili nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikarudia.

(Hapa nilimkatiza shahidi, nikamweleza kwamba halazimiki kusema zaidi na kwamba maneno haya yanaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Alisema ameelewa, akaomba maji, akaendelea. C.N.)

Sisemi haya ili nihurumiwe. Jumatatu niliwamwagia nyenje maji ya moto, mabeseni yote, lakini hilo halikusaidia mtu. Nimejaribu kusali na sipati pa kuanzia. Watoto wangu wananiuliza kwa nini siimbi na wengine kwenye matanga, na nawaambia koo linaniuma.

Thadeus ana mke na watoto wawili Kiogoro, na jana mtu aliitupia nyumba yake mawe. Hakumpiga mtoto. Alimfanyia nilichomwambia. Mwacheni aende.

Mazishi ni kesho saa tano. Loice ameniomba nisome wasifu wa marehemu, kwa sababu anasema hakuna mtu mwingine aliyemjua Ashley kama mimi. Nimekubali. Sikujua jinsi ya kukataa bila kumwambia sababu. Hajui nimekuja kusema nini leo. Anafikiri nimekuja kumshtaki Thadeus, na kwa hiyo alisema nisije peke yangu. Yuko nje kwenye benchi.

Sina lingine la kuongeza wala la kuondoa. Nimeyasema mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, nami naweka sahihi.

(Sahihi) C. M. Ochoki

MAELEZO YA AFISA: Yamerekodiwa na kusomwa kwa shahidi kwa Kiswahili. Sehemu aliyoisema kwa Ekegusii nimeiandika kwa Kiswahili, naye amekubali ndivyo alivyosema. Nilimuuliza kama anataka kubadilisha lolote. Alisema hapana. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo. Shahidi ameruhusiwa kwenda, ameagizwa kuripoti hapa Jumatatu saa mbili asubuhi. Ametoka saa sita na dakika ishirini. Mama ya marehemu alisimama alipomwona, akamfunga leso mabegani kwa sababu kulikuwa na manyunyu, wakatoka langoni pamoja.

Koplo C. Nyakundi