Vitunguu vya Mama

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
20 Januari 1957

Mpendwa mdogo wangu Melkiori,

Salamu nyingi zikufikie huko Uingereza. Hujambo? Kifua hakikusumbui na baridi hiyo? Sisi hatujambo, ila joto la mwaka huu linatutoa roho.

Mama sasa anatembea. Desemba yote alikuwa wa kulazwa na kugeuzwa. Hivi wewe, msomi wetu, ulishindwa kuongeza neno "maua"? Juu ya kifurushi uliandika tu, "Vitunguu vya Mama." Basi mama kwa furaha akazunguka nyumba nzima akiwaonyesha wapangaji: mwanangu kanitumia vitunguu vya Ulaya! Jioni akavikatia kwenye mtori wake wa ndizi. Mimi nilikuwa kanisani. Niliporudi nilimkuta sakafuni anatapika, Bi Kuruthumu wa chumba cha pili amemshika kichwa.

Barua yako ya maelezo, kwamba ni vya kuotesha maua wala si vya kula, ilifika siku tisa baadaye. Asante sana, bwana mkubwa!

Vitatu vilibaki. Nikafanya ulivyoeleza: bakuli, kokoto, maji yaguse mizizi tu. Nikaviweka uani kivulini, karibu na mtungi, chini yake gunia lililolowa maji, maana jua hili lingevipika mara ya pili. Juma lililopita vilichanua. Maua meupe, Melkiori, yananukia mpaka barazani! Kila asubuhi mama anatoa kigoda chake anakaa hapo.

Sasa sikiliza. Unajua mama hajui kusoma, barua zako namsomea mimi. Ile uliyomwomba radhi kurasa tatu, ulipopata habari za ugonjwa wake, nilimsomea salamu tu. Yeye anaamini ulimtumia sumu ili umalizane naye. Jina lako hataki kulisikia. Ningeweza kumwambia ukweli, sikutaka. Miaka sita tangu uondoke namfulia mimi, namkanda miguu mimi, na mdomoni mwake ni Melkiori, Melkiori! Nilichoka, mdogo wangu.

Jana aliniuliza maua haya yametoka wapi. Nikamwambia nimemnunulia mimi. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki. Hajawahi kunifanyia hivyo tangu anizae.

Shemeji yako Kasmir anakusalimu, na Bi Kuruthumu vilevile. Mungu akutunze huko ugenini, akupe afya na masomo mema. Ukitaka kumwandikia mama tena, andika tu. Msomaji ni mimi yuleyule.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Clotilda